Maji ya Matroni

Kabla hajamwagilia ua lolote, Matroni alichomeka kidole kwenye udongo wake mpaka pingili ya pili, akakiacha humo kidogo, kisha akakitoa na kukitazama. Kikitoka kimeshikwa na udongo, alipita. Kikitoka kikavu, aliinamia ndoo. Nilipohamia jirani yake kule Buswelu, nikiwa na mtoto mchanga na cherehani yangu, asubuhi ya kwanza kabisa nilimwona kibarazani mwake akifanya hivyo chungu baada ya chungu, nikadhani ni mama aliyepoteza pete.

Mtaa mzima tulimwita Matroni kwa kuwa alikuwa matroni wa bweni la wasichana mpaka alipostaafu. Hata mumewe alimwita hivyo. Huyo mumewe, sisi tulimwita Mzee. Alikuwa fundi wa injini za meli, Msukuma wa Misungwi, mtu wa kicheko kikubwa. Matroni alikuwa Mhaya, Mlutheri wa kuzaliwa, na Kiswahili chake kilinyooka kama shuka la bwenini. Walikuwa wametulia pale Buswelu tangu nyumba zikiwa za kuhesabika na fisi wakipita.

Maua yake hayakuwa ya fahari. Alikuwa na mawaridi, mshubiri, mrehani, bogenvilia moja iliyokataa kuchanua, na ua la majani mapana yenye madoa meupe ambalo hakuna aliyejua jina lake, hata yeye. Aliyapanda kwenye vyungu, madumu yaliyokatwa na ndoo za rangi, na chombo kisicho na matundu chini hakikuruhusiwa kuingia kibarazani. Nilipomletea ua langu la kwanza, waridi lililokuwa linapukutika majani ndani ya ndoo nzuri ya buluu, hakuliangalia ua. Aliigeuza ndoo, akaangalia chini yake.

"Mama Neema, maji yanatokea wapi hapa?"

"Hayatoki, Matroni. Ndiyo maana sipotezi."

"Umelifungia chooni," alisema, akaenda kuleta msumari na nyundo.

Kwa Matroni maji hayakuwa maji tu. Ya bomba aliyakinga kwenye beseni pana na kuyaacha wazi mpaka kesho yake, dawa ya kusafishia ipae, ndipo ayatumie. Ya kisima hakuyapenda. Dada yake aliyekaa Buhongwa alikuwa na kisima, na maua ya dada huyo yalikuwa na ukoko mweupe juu ya udongo kama sufuria ya chumvi. Matroni aliukwangua kwa kijiko kila alipokwenda kumtembelea, akimwambia, "Unayalisha chumvi kila siku halafu unashangaa ncha zinaungua." Maji ya ziwani alisema yanategemea umeyachota wapi. Pale kando, watu wanapofua na kuosha pikipiki, mtu asichukue hata ya kumwagia mchicha. Aliyoyathamini kuliko yote ni ya mvua, na hata hayo aliyachagua. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi aliiachia ioshe bati, ichukue vumbi na vinyesi vya ndege. Sisi wengine tulikimbia na ndoo, tukigombania tone la kwanza. Yeye alisimama mlangoni amekunja mikono, akisubiri bati lioge.

Alikuwa na msemo ambao nimewahi kuurudia kwa watu wengi: "Ua lenye kiu litakuita. Linalozama hunyamaza." Alimaanisha kwamba ua lililokosa maji hulegea, ukilinywesha linasimama tena jioni, lakini lililozidishiwa huoza mizizi kwa siri, na likija kuonyesha ugonjwa, ugonjwa umekwisha kazi. Alisema wanawake wa mtaa wetu waliua maua yao kwa huruma. Mtu akimaliza kazi, akiwa na maji kidogo yamebaki, akiliona ua limesimama mbele yake, analimwagia tu, kama anavyomkaribisha mgeni chai.

Kuhusu chakula cha maua alikuwa mgumu zaidi. Samadi mbichi aliikataa. Alitaka ile ya ng'ombe iliyokaa mpaka ikapoa na kupoteza harufu, kisha akailoweka kwenye ndoo yenye kifuniko, akaizimua kwa maji mpaka ikawa na rangi ya chai ya rangi isiyokolea. "Kama huwezi kuona kidole chako chini ya kikombe, ni kali." Na hakuimwaga kwenye udongo mkavu hata siku moja. Kwanza maji, kisha chakula, kwa sababu mbolea ikikuta mizizi mikavu inaichoma. Mbolea ya dukani, zile chembe nyeupe, alikuwa nayo pia, kwenye kopo la maziwa juu kabisa ya kabati, na aliipunja kama mtu anayetia pilipili kwenye uji wa mtoto. Ua linaloumwa hakulilisha kabisa. Mimi nililiona lile waridi langu limenyong'onyea, nikataka kulipa samadi lipate nguvu, akanishika mkono.

"Mgonjwa humpi pilau, mama. Mwache kwanza apumue."

Aliwahi kuniambia kwamba maji ya kuoshea samaki yana chakula kizuri cha maua, mradi yasiwe na chumvi wala limau. Nikayapeleka kwa furaha kwenye waridi langu. Asubuhi nikakuta paka wa mtaa wote wamelifukua mpaka mizizi iko juu. Nilimwendea na hasira. Matroni alicheka mpaka akashika nguzo, na ile ilikuwa mara moja kati ya mara chache nilizomwona akicheka bila Mzee kumchekesha. "Nilisahau kukwambia ufukie juu kwa udongo," alisema. "Lakini paka nao wamekula sikukuu."

Ukimsikia anavyoyazungumzia maji ungedhani ni mchoyo, na wengi walimdhania hivyo. Kumbe bomba lake la nje halikuwa na kufuli. Wakati mtaa mzima tumefunga mabomba yetu kwa minyororo, wapita njia walikunywa kwake, wachunga ng'ombe walijaza chupa zao, na hakuna aliyeulizwa. Ukimwomba kipande cha ua kwa maneno matamu alikunyima. Ukikaa bila kuomba, siku moja ungemkuta mlangoni kwako ameshika kopo lenye kichipukizi, hataki hata kuingia ndani. Hakupenda maua ya kukatwa. Kamati ya akina mama kanisani ilipomwomba mawaridi ya madhabahuni, alikataa kuyakata, akawa anabeba chungu kizima kila Jumapili, amekikumbatia kifuani na gauni lake la kanisani, akikipeleka na kukirudisha. Mzee alitembea nyuma yake akisema, "Tazameni, mke wangu anakwenda ibadani na mume mwenzangu."

Mzee alikuwa na mtungi wake pembeni ya mlango, na alikunywa maji kama mtu aliyefanya kazi maisha yake yote karibu na injini. Kabla ya chai, maji. Baada ya ugali, maji. Alipotoka tu nje na kurudi, maji. Matroni aliyelihesabia waridi kila tone hakumhesabia mumewe. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuosha mtungi ule na kuujaza kila jioni.

Kisha Mzee akaanza kuvimba miguu. Mwanzoni tulidhani ni umri. Viatu vikamkataa, uso ukajaa asubuhi, pumzi ikawa fupi hata kwa kutembea kutoka sebuleni mpaka kibarazani. Hospitali wakasema figo zimechoka. Akaanza kupelekwa kusafishwa damu, akirudi amekauka midomo na rangi ya majivu. Na daktari akamwambia Matroni, mbele yangu kwa sababu siku ile mimi ndiye niliyewasindikiza: maji anayokunywa yasizidi kikombe kidogo asubuhi na kikombe kidogo jioni, na chai na mchuzi vihesabiwe humo humo. Figo haziwezi tena kuyatoa. Yakizidi yatakwenda kwenye mapafu.

Matroni aliitikia kama mwanafunzi. "Nimeelewa, daktari."

 Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi, akaumwaga kwenye maua, akaubeba na kwenda kuugawa nyumba ya pili ili Mzee asiuone.

Nimewaza sana kuhusu miezi iliyofuata. Mtu wa nje angesema hakuna aliyefaa kazi ile kuliko yeye. Alijua kupima. Alijua kusema hapana. Alimwekea Mzee kikombe chake cha bati, na alimfundisha kukaa na tone ulimini kabla ya kumeza. Alimpa kipande cha limau alambe. Alimpangusa midomo kwa kitambaa kibichi. Aliacha kupika mchuzi, na yeye mwenyewe akaacha kunywa maji mbele yake. Alikuwa akija kwangu, anasimama jikoni kwangu, anakunywa bilauri moja kwa haraka huku amegeukia ukuta, kisha anarudi.

Mzee alitania kwa muda. "Mama Neema," aliniambia, "mimi sasa ni mshubiri. Nikipata umande natosheka." Lakini utani ukaisha. Jumapili moja Matroni alikuwa kanisani na mimi nimeketi na Mzee nikishona vifungo. Akanitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu. Hakuna mtu hapa. Nipe maji kidogo."

"Mzee, daktari alikataza."

"Daktari hana kiu."

Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Yeye ni mkubwa kwangu, mtu ninayempa shikamoo kila asubuhi, na alikuwa ananiomba kitu ambacho hata adui humnyimi. Nilikuwa bado nimeshika sindano Matroni alipoingia, chungu chake kifuani. Alituangalia wote wawili akaelewa. Aliweka chungu chini polepole.

"Umemwomba mtoto wa watu?"

"Nimemwomba," Mzee alisema.

"Usimwombe yeye. Ukitaka kuomba, niombe mimi. Ni mimi ninayekunyima."

Mzee aligeuza uso ukutani. Matroni akalowesha kitambaa, akaketi kitandani, akaanza kumpangusa midomo, na mimi nikatoka nje bila kuaga.

Mzee alifariki mwishoni mwa kiangazi, mchana, ziwa limetulia na joto limekaa juu ya mabati. Nilisikia Matroni akiita jina langu mara moja tu, si kwa kelele. Nilipofika alikuwa amekwisha mfunga taya kwa kitambaa na kumnyoosha mikono. Alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na kitanda, ameshikilia magoti yake.

Msibani kila mwanamke aliyemkumbatia alimpa maneno yale yale. Kwamba alimuuguza vizuri. Kwamba kumnyima mumeo maji ni msalaba ambao si kila mtu anaweza kuubeba, na yeye aliubeba. Kwamba alifuata maneno ya daktari, na Mungu ameona. Mchungaji naye alilisema hilo mimbarini, kwa upole sana. Matroni alisema "ndiyo" na "asante". Hakulia mbele yetu. Mzee alizikwa kwao Misungwi, kwenye ardhi ya baba yake.

Aliporudi Buswelu aliacha kumwagilia maua.

Mwanzoni nilidhani ni uchovu wa msiba. Udongo ukaanza kupasuka na kuachana na kingo za vyungu. Mawaridi yakalegea. Nilichukua ndoo yangu asubuhi moja nikaanza kumwagilia, nikichomeka kidole kama alivyonifundisha. Akatoka ndani.

"Acha, Mama Neema."

"Yanakufa, Matroni."

"Nimeona."

"Basi niambie niyape kiasi gani, nitakuwa nayapa mimi."

"Sijui," alisema. "Usiniulize tena mimi kiasi. Muulize mtu mwingine."

Na kweli, kuanzia hapo mwanamke akija na ua lake linaloumwa, Matroni alimjibu kwa adabu kwamba hajui. Watu walidhani ni majonzi yamemfanya mkali. Mimi nilidhani nimeelewa zaidi yao: kwamba anajiadhibu kwa yale maji aliyomnyima mumewe. Nilimhurumia kwa hilo. Baadhi ya vyungu alinipa, vingine vilikauka pale pale kibarazani. Mwanawe alikuja na gari, akamchukua kwenda kuishi naye Misungwi kwenye kiwanja cha ukoo. Alipanda mbele, mkoba mapajani, hakuchukua chungu hata kimoja.

Sikumwona kwa muda mrefu. Simu alikuwa akipokea, tukisalimiana na kuulizana watoto, lakini Matroni hakuwa mtu wa simu. Kisha shule moja ya Misungwi ikanipa kazi ya kushona sare, na nilipozipeleka nikaamua nipite kwake.

Mkwewe, msichana mchangamfu aliyebeba mtoto mgongoni, alinielekeza nyuma ya nyumba. Nilimkuta Matroni ameketi kwenye kigoda akipepeta karanga. Alikuwa amepungua mwili. Nywele zote zilikuwa nyeupe na hakuzifunga.

"Shikamoo, Matroni."

Aliinua kichwa. "Marahaba. Huku hawaniiti hivyo. Huku mimi ni Bibi tu." Kisha akatabasamu. "Karibu, mama. Kaa. Neema ameanza sekondari?"

Tuliongea mengi. Tulizungumzia ndoa za mtaani, barabara mpya, nyumba yake iliyopangishwa kwa kijana wa benki. Nilimwambia mengi ya maua yangu, kwamba yale aliyonipa yamezaa na nimeyagawa mpaka sina pa kuyaweka, na alisikiliza akiendelea kupepeta. Kaburi la Mzee lilionekana kutoka tulipokaa, limesakafiwa kwa saruji, na kuku wawili walikuwa wamelala kivulini mwake.

Nikasema kitu ambacho nilikuwa nimekibeba muda mrefu, nikidhani kitamfariji. Nilisema, "Matroni, usijilaumu kwa kumnyima maji. Ulikuwa unamwokoa."

Aliweka ungo chini. Hakunitazama, alitazama karanga.

"Sikumnyima," alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Wiki ile ya mwisho, nilimpa. Alipoomba nilimpa. Siku ya kwanza nusu kikombe. Kesho yake nikampa zaidi. Niliyaona yanapanda, Mama Neema. Niliyaona miguuni, nikayaona tumboni, nikayasikia kifuani anapopumua. Nilikuwa nafahamu kila kitu. Na akisema nina kiu, nampa."

"Lakini msibani..."

"Msibani mlinisifu. Mchungaji akanisifu. Ningesimama katikati ya watu niseme nini?"

Mkwewe alipita na ndoo, akatuuliza kama tunataka chai. Matroni akamwambia baadaye. Tulingoja mpaka akaingia ndani.

"Mama," nilisema, na sikuwahi kumwita hivyo kabla, "Mzee alikuwa anakufa. Daktari mwenyewe aliniambia pembeni. Ungempa, usingempa, alikuwa anakwenda."

"Najua."

"Sasa kwa nini unajilaumu?"

"Kwa sababu nilitaka afe kwa ugonjwa wake," alisema. "Siyo kwa mkono wangu. Na sasa sitajua kamwe. Hata nikikaa hapa miaka mingine mingi, sitajua ni kipi kilimchukua. Nikishika kopo la maji nalirudisha chini. Hawa watoto wa hapa wakitaka maji nawaambia wajichotee."

 Nilichukua kiganja cha karanga nikaanza kuzimenya, kwa kuwa mikono ilihitaji kazi. Nilipodhani ameyamaliza, akaanza tena, sauti ikiwa chini na nyepesi, kama mtu anayesimulia jambo la mtu mwingine.

"Siku ile, mchana, alisema Matroni, leo nijazie. Nikakijaza kikombe mpaka juu. Nikamwinua kichwa. Alikunywa chote, polepole, hakumwaga hata tone. Unajua sisi maisha yetu yote tuliongea Kiswahili, mimi Mhaya, yeye Msukuma, hatukuwa na lugha nyingine ya kutukutanisha. Alipomaliza akanitazama, akasema, wabeja. Asante ya kwao. Nikamwambia pumzika. Akasema tena, wabeja, wabeja. Kisha nikamlaza."